Torenti zilivyopona siku Linux Mint ilipovamiwa: uchambuzi wa kisa cha Februari 2016

Kila nikisikia mtu anasema torenti (njia ya kushusha faili kwa vipande vipande kutoka kwa watu wengi walionalo, badala ya seva moja) ni kwa ajili ya virusi na muvi za wizi, huwa namrudisha Jumamosi ya tarehe 20 Februari 2016. Siku hiyo waliofuata njia "ya kistaarabu", yani kuingia saiti rasmi ya Linux Mint na kubonyeza linki ya kushusha, baadhi yao ndo walioondoka na mfumo wenye mlango wa siri ndani yake. Wa torenti hawakuguswa. Na sababu ya kutoguswa kwao sio ile ambayo watu wengi wanaisema, ndo maana nataka tukipitie hiki kisa taratibu.

Kwa asiyeijua, Mint ni moja ya aina za Linux, ule mfumo endeshi wa bure unaowekwa badala ya Windows, iliyoanza 2006, ameianzisha Clement Lefebvre, Mfaransa anayeishi Ireland, wengi wanamwita Clem tu. Imejengwa juu ya Ubuntu na toleo lake la Cinnamon limekaa kwa namna ambayo mtu aliyezoea Windows hapotei, menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, kila kitu pale pale. Sasa hiyo maana yake ni kwamba wanaoishusha wengi ni wageni, watu ambao ndo kwanza wanahama Windows, hawajawahi kufungua terminali na hawana habari na mambo ya kuhakiki faili. Toleo la wakati huo lilikuwa 17.3, jina lake Rosa, lilitoka Desemba 2015, na ISO yake, yani lile faili moja lenye mfumo mzima unalolichoma kwenye flashi au DVD, ilikuwa kama GB moja na nusu. Ukiwa mdukuzi unatafuta watu wa kuwawekea kitu, huwezi kupata kundi zuri kuliko hilo.

Mvamizi aliingilia WordPress, ile programu iliyokuwa inaendesha blogu ya Mint, akapata nafasi ya kuamuru seva kama mtumiaji anayeitwa www-data, ambaye ndo mtumiaji wa kawaida wa seva ya wavuti. Hakuwa na mamlaka ya msimamizi mkuu, ila alichopata kilimtosha kubadilisha kurasa. Baadaye jamaa anayejiita Peace aliongea na saiti ya habari za teknolojia ya ZDNet akajitangaza kwamba ni yeye, akasema udhaifu aliuona tangu Januari. Alichofanya ni kuchukua ISO halali, maana msimbo uko wazi kwa kila mtu, akaongeza kitu chake ndani na kuifunga upya. Kwa maneno yake hiyo kazi ilimchukua masaa machache tu. Kilichomchelewesha ni kupandisha hiyo ISO kwenye seva iliyoko Bulgaria kwa sababu spidi yake ya kupandisha ilikuwa mbovu. Hapo nilicheka, kumbe hata wadukuzi wanateseka na intaneti.

Baada ya hapo akaenda kwenye ukurasa wa kushusha na kubadilisha linki, ISO zisitoke tena kwenye seva za nakala za kawaida, zitoke Bulgaria. Ukurasa ulikuwa ule ule, nembo ile ile, anwani iliyo juu kwenye brauza ile ile. Mtu anabonyeza, anasubiri, anachoma kwenye flashi, anaweka. Hakuna alipokosea hata sehemu moja.

Ndani ya ISO hiyo kulikuwa na Tsunami, virusi vya Linux vilivyokuwepo miaka mingi kabla ya hapo na msimbo wake uko wazi kwa anayeutaka. Faili lake liliwekwa kwenye /var/lib kwa jina la man.cy, jina ambalo ukilipita kwa haraka unaweza kudhani ni kitu cha kurasa za maelezo za mfumo. Kompyuta ikiwaka na ikapata intaneti inapiga hodi kwenye domeini moja inaitwa absentvodka.com, inaingia kwenye IRC, ile teknolojia ya zamani ya kuchati, inakaa kimya humo inasubiri amri. Anayetoa amri anaweza kuiambia ishushe faili lingine na kuliendesha, au ijiunge na kompyuta nyingine kuishambulia saiti ya mtu mpaka izimike. We huoni chochote, Cinnamon inafunguka vizuri, muziki unapiga, unafurahi umehama Windows.

Clem alitangaza habari hizo usiku wa kuamkia tarehe 21. Kwa kweli namheshimu kwa hilo, hakuzunguka, alisema tumevamiwa, toleo lililoguswa kwa wanavyojua ni 17.3 Cinnamon, lililoshushwa tarehe 20, akataja anwani ya seva ya Bulgaria, akatoa hashi halali za ISO (namba za kupimia faili, nitazieleza hapo chini) ili watu walinganishe, na akaeleza ukiwa na DVD au flashi uliyoichoma uiwashe bila intaneti, uangalie kama kuna /var/lib/man.cy. Ukilikuta, basi toa kompyuta kwenye mtandao, hamisha nyaraka zako, futa diski yote, weka upya, badilisha nywila za maana hasa ya imeili. Katika tangazo hilo hilo kuna sentensi moja ambayo ndo kiini cha andiko hili: alisema kama umeshusha kwa torenti au kwa linki ya moja kwa moja ya HTTP, hili halikuhusu.

Walipokuwa wanasafisha, jamaa akaingia tena, wakaamua kuizima seva nzima. Ikaja kujulikana pia kwamba hifadhidata ya jukwaa lao la majadiliano ilikuwa imeibiwa, imeili na nywila zilizofichwa kwa hashi na jumbe za watu, na inauzwa kwenye soko la gizani kwa bitcoin 0.197, ambayo siku hizo haikufika hata dola mia. Hilo ni balaa lingine, tuliache hapo.

Kuhusu idadi ya waliopatwa, Peace mwenyewe alidai ana mashine mia kadhaa mkononi, kati ya watu zaidi ya elfu moja walioshusha siku hiyo. Ni maneno ya mwizi hayo, yachukue kwa tahadhari.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wanalipita haraka. Kwenye ukurasa wa kushusha Linux karibu yoyote kunakuwa na hashi, ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima, ukibadilisha chochote hata nukta, mstari unakuja mwingine kabisa. Mint wakati huo walikuwa wanaweka MD5, yenye herufi 32. Ushauri wa siku zote ni kwamba ukishamaliza kushusha kokotoa hashi ya faili lako, linganisha na iliyo kwenye saiti, zikifanana uko salama. Ushauri mzuri, ila tarehe 20 Februari ungekupoteza, kwa sababu jamaa aliibadilisha na hashi pia. Aliwaambia ZDNet hivyo hivyo kwamba aliweka hashi ya ISO yake mbovu mahali pa ile halali, afu akaongeza kwa dharau kwamba kwani kuna mtu anayeziangalia. Yani ni kama mwizi aliyeingia dukani akabadilisha bidhaa, afu akakaa kaunta akaandika na risiti mpya.

Watu wengi baada ya kisa hiki walirukia MD5 kwamba ni ya kizamani, imevunjwa tangu 2004 na Wachina wakiongozwa na mama Xiaoyun Wang, Mint wanatumia kitu kibovu, wangetumia SHA-256, aina ya hashi iliyo imara zaidi, yasingetokea haya. Sikubaliani. MD5 ni mbovu kweli na walipaswa kuiacha mapema, lakini hapa hakuna aliyeivunja, hakuna aliyehitaji kuivunja. Ungeweka SHA-256 pale, jamaa angekokotoa SHA-256 ya ISO yake na kuibandika pale pale, kazi ya sekunde chache. Shida ilikuwa ni kwamba faili na kipimo cha faili vyote vilikuwa vinaelezwa na ukurasa mmoja, na mwenye ukurasa siku hiyo alikuwa mwizi. Hashi ya namna hiyo inakusaidia kujua kama faili limekatika njiani au flashi imeharibu data, na hiyo ni faida kubwa hasa kwa intaneti zetu, ila haikulindi na mtu aliyeingia ndani ya saiti yenyewe.

Basi torenti ilikuwaje ikapona?

Fungua faili la .torrent kwa programu yoyote inayoonyesha yaliyomo uone ndani kuna nini. Watu wanadhani ni ISO iliyobanwa, sio. Kuna jina la faili, ukubwa wake, anwani ya seva inayowakutanisha washiriki, ukubwa wa kila kipande, afu kuna rundo kubwa la hashi, moja kwa kila kipande. Chukua ISO ya GB moja na nusu iliyokatwa vipande vya MB moja moja, hapo una vipande kama 1,500, kila kimoja kina hashi ya SHA-1 (aina nyingine ya hashi) ya baiti 20, jumla ni kama KB 30. Faili zima la torenti ni dogo kuliko picha moja ya WhatsApp, lakini limeshaeleza ISO nzima kipande kwa kipande. Bram Cohen alipoiandika BitTorrent mwaka 2001 aliianza na wazo hilo, kwamba unachukua vipande kutoka kwa watu usiowajua kabisa, kwa hiyo usimwamini hata mmoja wao, pima kila kinachoingia.

Na programu inapima kweli. Kipande cha 814 kimekuja kutoka kwa mtu wa Poland, inakokotoa, kinalingana, inakiweka kwenye diski na inaanza kukigawa kwa wengine. Kipande cha 815 kimekuja kibovu, hakilingani, kinatupwa, kinaombwa kwa mtu mwingine, na aliyekileta akirudia rudia programu nyingi zinamfungia. Sasa fikiria yule jamaa angejiunga na kundi la torenti ya Mint 17.3 na ISO yake yenye Tsunami. Kila kipande alichokigusa kingekataliwa na kila programu duniani iliyokuwa na lile faili la torenti, bila mtu yeyote kujua wala kubonyeza kitu. Faili la torenti lilishatoka Desemba, liko kwenye kompyuta za maelfu ya watu, na kuvunja WordPress ya Mint mwezi wa pili hakubadilishi kilichoko kwenye diski ya mtu wa Brazil.

Ndo hapo kwenye kiini. Torenti haikupona kwa sababu ni "salama kuliko HTTP". Ilipona kwa sababu kipimo chake kilikuwa kimeshatawanyika kabla ya uvamizi na hakikutegemea ule ukurasa siku ile. Na ushahidi wa hilo ni wale wengine aliowataja Clem, wa linki ya moja kwa moja. Mtu aliyekuwa amehifadhi anwani ya seva ya nakala, ya chuo fulani tuseme, akashusha kwa HTTP ya kawaida kabisa bila hashi wala torenti, naye alipona, kwa sababu seva za nakala hazikuguswa, kilichoguswa ni linki tu. Mashabiki wa torenti hawapendi kulitaja hilo ila ndo ukweli.

Tena geuza kisa. Tuseme jamaa angekuwa mvumilivu kidogo, akatengeneza faili la .torrent la ISO yake mbovu na kulibandika kwenye ukurasa badala ya lile halali. Wote wangelishusha, programu zingepima kila kipande kwa uaminifu wote, vyote vingelingana, na Tsunami ingefika nyumbani kwa watu ikiwa nzima bila kupungua hata baiti. Torenti inakuhakikishia kwamba ulichopata ndicho kilichoelezwa na faili la torenti, haikuambii aliyelitengeneza hilo faili ni nani.

Hii sio nadharia. Juni 2023 kampuni ya Kirusi ya Doctor Web ilitangaza kwamba imekuta ISO za Windows 10 za kuchakachuliwa zinazogawiwa kwa torenti zikiwa na virusi vinavyojificha kwenye kipartishi cha EFI, kipande cha diski kinachotumika kuwasha kompyuta, sehemu ambayo antivirusi nyingi haziikagui, kazi yake ni kubadilisha anwani ya pochi ya kripto pale unapoikopi, hela inaenda kwa mwizi. Walihesabu kama dola 19,000 zilizokwishaondoka. Waliozipakua kila kipande kilipimwa na kikalingana. Kwa hiyo mtu anayekwenda kwenye saiti za kutafutia torenti na kuandika jina la disto (yani aina ya Linux), afu anachukua ya kwanza yenye washiriki wengi, amejitafutia mwenyewe. Wingi wa watu wanaogawa haumaanishi kitu. Torenti ya Mint ichukue Mint, ya Ubuntu Ubuntu, ya Debian Debian, wote wanazo rasmi na ni bure, hakuna sababu ya kuzunguka kwingine.

Haya, sasa kama saiti rasmi yenyewe inaweza kuvamiwa na torenti rasmi inaweza kubadilishwa, unashika wapi? Kwenye saini. Mint leo kila ISO ina mafaili mawili ya pembeni, sha256sum.txt ambalo lina hashi, na sha256sum.txt.gpg ambalo ni saini ya hilo faili la kwanza. Saini inatengenezwa kwa ufunguo wa siri ambao hauhitaji kukaa kwenye seva ya wavuti, kwa hiyo mtu akiivunja WordPress ataandika hashi anayotaka lakini hawezi kuisaini. Ubuntu wana SHA256SUMS na SHA256SUMS.gpg, Debian wana SHA256SUMS na SHA256SUMS.sign, majina yanatofautiana ila kazi ni ile ile.

Ukiwa kwenye Linux unatumia gpg, programu ya kuhakiki saini, na unaanza kwa kuchukua ufunguo wa umma wa Mint, ule wa kupimia saini zao:

gpg --keyserver hkps://keyserver.ubuntu.com:443 --recv-key 27DEB15644C6B3CF3BD7D291300F846BA25BAE09

Afu unahakiki saini:

gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt

Na mwisho unakokotoa hashi ya ISO:

sha256sum -b linuxmint-22-cinnamon-64bit.iso

Kwenye hatua ya pili ndo watu wengi wanaogopa bure. Unaona mstari unasema Good signature, unafurahi, afu chini yake kuna onyo kwa herufi kubwa kwamba ufunguo huu haujathibitishwa na saini unayoiamini. Wengine wanadhani imefeli. Haijafeli, saini ni nzima, gpg inakwambia tu kwamba hujaiambia rasmi kuwa unaujua huo ufunguo ni wa nani. Kazi hiyo ni yako: ile namba ndefu inayoishia A25B AE09 ilinganishe na unayoiona sehemu nyingine isiyo saiti unayoshushia, mwongozo wa zamani, video ya mtu wa miaka mitatu nyuma, rafiki aliyeiweka Mint kitambo. Ukiikopi namba kutoka ukurasa ule ule unaoutilia shaka umerudi kule kule kwa Peace. Na hata hii niliyoandika hapa usiiamini kwa sababu tu nimeiandika mimi, itafute kwingine uone kama zinafanana. Ukilifanya mara moja, ufunguo unabaki kwenye kompyuta yako, toleo lijalo likitoka hulitafuti tena, saini ikikubali kwa ufunguo ule ule wa mwaka juzi basi hapo una uhakika wa maana.

Wenye Windows, ambao ndo wengi wetu mwanzoni, hamhitaji kuweka kitu kwa upande wa hashi. Fungua cmd kwenye folda yenye ISO na uandike:

certutil -hashfile linuxmint-22-cinnamon-64bit.iso SHA256

Inachukua dakika kidogo kwenye mashine ya zamani, inakupa mstari wa herufi 64. Kwa saini itabidi uweke Gpg4win, inakuja na programu yenye vitufe inaitwa Kleopatra. Najua wengi hamtafika huko, basi angalau hashi ichukueni kutoka chanzo kingine tofauti na mlikoshushia ISO. Ni nusu ya ulinzi ila ni nusu ambayo ingewaokoa watu wa tarehe 20.

Kuna anayeuliza, si SHA-1 ndo imevunjwa, na torenti zinatumia SHA-1? Swali zuri. Februari 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha PDF mbili tofauti zenye SHA-1 moja. Lakini hapo walitengeneza zote mbili wao wenyewe kwa pamoja. Kuchukua kipande cha ISO halali kilichokwishatoka na kutengeneza kingine kinacholingana nacho ni kazi nyingine ngumu zaidi, na hakuna aliyeonyesha kuiweza. Hata hivyo BitTorrent toleo la pili limeshahamia SHA-256 na matoleo mapya ya qBittorrent, programu ya torenti, yanalielewa. Mi nisingepoteza usingizi kwa hilo, kama ukihakiki ISO nzima mwishoni kwa SHA-256 iliyosainiwa, SHA-1 ya vipande inabaki kuwa kichujio cha njiani tu.

Kwa huku kwetu torenti ina mvuto mwingine ambao hauhusiani na wadukuzi, nao ni bando. Mint ya siku hizi ni karibu GB 3. Unashusha kwa brauza, ikifika asilimia 80 umeme unakatika au bando la usiku linaisha saa kumi na mbili, brauza inakwambia imeshindwa na unaanza upya, hela imeenda. Torenti inaendelea ilipoishia hata baada ya wiki, na ikiwaka inakagua vipande ilivyonavyo, kilichoandikwa nusu wakati umeme unakatika kinaombwa tena peke yake. Hata ISO uliyoishusha kwa brauza ikaja mbovu unaweza kuiokoa, iweke kwenye folda, fungua torenti ya toleo lile lile, ielekeze hapo, iambie ikague, itashusha vipande vibovu tu. Wengi hawalijui hili na linaokoa MB nyingi sana.

Ila angalia upande wa pili, torenti inapandisha pia, na kwenye bando la simu kinachopanda kinakatwa sawasawa na kinachoshuka. Ukiiacha wazi ISO ikimalizika itaendelea kugawa mpaka bando liishe. Weka kikomo cha spidi ya kupandisha kwenye mipangilio, na kama huna intaneti ya mwezi isiyo na kipimo isimamishe ikimaliza, hakuna atakayekulaumu. Kugawa ni uungwana na waachie wenye faiba. Kitu kingine, kwenye mitandao ya simu wateja wengi huwa wanachangia anwani moja ya nje, hivyo wenzako hawawezi kukufuata wewe, lazima programu yako ndo iwafuate, spidi inaweza kuwa ndogo kuliko ya jirani mwenye faiba. Sio kwamba umekosea kitu. Na ndio, anwani yako ya IP inaonekana na washiriki wengine, kwa ISO ya Linux hiyo haina neno, ni mali inayoruhusiwa kugawiwa na mtu yeyote.

Wengi pia tunapata ISO kwa flashi ya mshikaji, tena nakala ya nakala. Hakuna ubaya, kipimo ni kile kile, mafaili mawili ya hashi na saini ni ya KB chache, yashushe mwenyewe kwa simu kama ni lazima, hakiki, endelea. Ila hakiki ISO kabla ya kuichoma, ukishaichoma na Rufus (programu ya kuchomea ISO kwenye flashi) flashi inaweza kuwa na mabadiliko na hashi yake isilingane tena na ya ISO.

Limebaki moja, programu ya torenti yenyewe unaitoa wapi. Wiki mbili tu baada ya kisa cha Mint, tarehe 4 Machi 2016, saiti rasmi ya Transmission, programu nyingine ya torenti, nayo iliingiliwa, toleo 2.90 la Mac likawekewa KeRanger, kirusi kinachokaa kimya siku tatu afu kinafunga mafaili yako yote na kudai bitcoin moja. Kampuni ya usalama ya Palo Alto Networks ndo waliokigundua, Apple wakafuta cheti kilichotumika kukisaini, Transmission wakatoa 2.92 ya kukisafisha. Agosti mwaka huo huo wakaingiliwa tena, safari hiyo kirusi kinaitwa Keydnap na kimo ndani ya 2.92. Ukiwa tayari uko kwenye Linux usihangaike na saiti ya mtu, Mint inakuja na Transmission ndani, na qBittorrent unaipata kwa apt, amri ya Mint ya kuweka programu, kutoka hazina ya programu ambayo orodha zake zimesainiwa na mfumo unahakiki wenyewe kila unapoweka kitu. Ukiwa bado kwenye Windows, qBittorrent wanatoa saini ya PGP pamoja na kifurushi chao, na Kleopatra ile ile uliyoiweka kwa ajili ya Mint inaisoma.